Mwenyekiti wa Chanja za Dagaa

Wakiniita kwenye semina za akina mama wajasiriamali, na siku hizi wananiita mpaka nimechoka, wananikalisha mbele karibu na chupa za maji, halafu wananiomba nieleze nilivyofanikiwa. Mimi huwaeleza habari za Mwenyekiti. Nawaambia jinsi dagaa wa kikundi walivyoharibika mikononi mwangu, yeye akanichukua na magunia ya dagaa hao mpaka kwa mfuga kuku, na leo nina mashine yangu ya kuchanganya chakula cha kuku hapa Buswelu. Wanapiga makofi, tunapiga picha, narudi nyumbani na miguu imevimba.

Ninachowaambia ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba dagaa wale hawakuharibika kwa bahati mbaya. Niliwaharibu mimi, nikadanganya, na kwa miaka kumi na mitatu Mwenyekiti alinitetea kwa uongo wangu mwenyewe bila kujua kwamba ni uongo. Nilikuwa najiambia nitamwambia. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Sasa naandika, maana kusema nusu kunachosha kuliko kubeba gunia.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake waanika dagaa, kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi ya ziwani inaposhusha samaki, upande wa Ilemela, ukishapita uwanja wa ndege. Jina lake tulilijua ila hatukulitumia. Hata marehemu mumewe alikuwa anamwita Mwenyekiti, sijui ni kwa heshima au kwa kukata tamaa. Alikuwa mrefu, mkavu, na kiangazi na masika alivaa koti moja la mvua la kiume. Ukimuuliza kwa nini koti la mvua kwenye jua lile, anakujibu kwamba lina mifuko mikubwa. Kweli ilikuwa mikubwa. Humo ndani kulikuwa na kamba, misumari, kitana, muhuri wa kikundi na wakati mwingine kiazi kilichochemshwa.

Vikao vyake vilifanyikia kazini. Hakuamini mkutano wa kukaa. Alikuwa anapita kati ya dagaa, anawageuza kwa mkono, na huku anasoma ajenda kutoka kichwani, nasi tunamfuata nyuma tukigeuza. Ukitaka kupinga hoja, unapinga umeinama. Kwa hiyo hoja nyingi zilipita, maana mgongo ukikuuma huna nguvu ya kubishana.

Kuna swali alilokuwa nalo, na hilo ndilo watu wa semina wanalipenda kuliko vyote. Likitokea baya lolote, hakuuliza kimepotea nini. Aliuliza, "Imebaki nini?" Basi. Chombo kimepasuka, imebaki nini? Mvua imelowesha mzigo, imebaki nini? Alitaka ujibu kwa vitu, siyo kwa Mungu ni mwema. Ukisema imebaki imani, anakutazama mpaka unaongeza kwamba na ndoo mbili zimebaki.

Nakumbuka asubuhi tuliyokuta nyavu za chanja zimeibwa zote. Chanja, kwa asiyejua, ni kama kitanda kirefu cha miti, juu yake unatandaza wavu, na juu ya wavu ndiyo unaanika dagaa, hewa inapita chini na mchanga hauwafikii. Usiku mmoja wezi walikata kila wavu wakatuachia miti imesimama. Wanawake walikaa chini wakashika tama. Yeye akapita akihesabu miti, akasema, "Miti imebaki. Kuchimba mashimo ndiyo kazi, na tulishachimba." Siku hiyohiyo akaenda kwa wavuvi, akawaomba nyavu zao kuukuu zilizotoboka, akawaahidi kwamba sisi tutawashonea zile wanazovulia kila mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki na sisi hatuna kazi. Ndivyo tulivyojifunza kushona nyavu. Nilichukia kazi ile kuliko zote duniani, vidole vilikuwa vinachubuka, lakini tangu hapo hatukuwahi kukosa wavu.

Mbalamwezi nyingine akaamua kupika maandazi. Jamani, yale maandazi. Ungeweza kumfukuzia mbwa. Tulimwambia kwa adabu, kisha bila adabu. Yeye akalichukua moja, akalipiga kwenye mti wa chanja, likatoa sauti, akasema, "Haya ni ya majini." Akayapeleka kwa wavuvi, akawaeleza kwamba haya hata ukiyakalia kwenye mtumbwi hayapondeki, unachovya tu kwenye chai. Wakanunua. Walinunua miaka na miaka, na nadhani mpaka leo kuna mtu huko ziwani ana andazi la Mwenyekiti mfukoni.

Lakini nisimfanye malaika, maana hakuwa. Kikundi chetu kilikuwa na mwanamke mmoja, Mama Stella, mpole, aliyeachwa na mumewe wiki moja kabla ya Krismasi. Mume alihama na vyombo mpaka jiko. Mama Stella alikuja mwaloni analia, na Mwenyekiti, akiwa ameinama anageuza, akamuuliza kama kawaida yake, "Imebaki nini?" Mama Stella alivua kanga ya kiunoni aliyokuwa anafanyia kazi, akaikunja, akaiweka juu ya chanja, akaondoka. Hakurudi tena. Mwenyekiti alimfuata mpaka kwao Nyakato mara tatu, na mara zote aliambiwa hayupo. Siku ya tatu nilikuwa naye. Tukiwa tunarudi kwa miguu akasema, "Lile swali si la kila mahali."

Na alikuwa na mambo yake ya ajabu. Mtu huyu aliyemeza hasara kubwa kama mtu anayemeza uji, hakumsamehe jirani yake beseni. Jirani aliazima beseni la kijani siku ya kipaimara cha mtoto wake, halikurudi, na kwa miaka tisa kila akipita pale mlangoni Mwenyekiti alikuwa anasema kwa sauti, "Humu ndani kuna beseni." Tena ziwa lenyewe alikuwa analiogopa. Aliishi kwa ziwa, alikula kwa ziwa, na hakuwahi kupanda hata kivuko. Dada yake aliolewa kisiwani Ukerewe na alikuwa anamtumia salamu tu kama mtu aliye Ulaya. Uchaguzi ukifika, anasema safari hii apishe wengine, amezeeka. Siku yenyewe anakuja na kitenge kipya chini ya lile koti, amepaka mafuta, na sote tunajua.

Sasa nije kwenye siku yangu.

Kwanza ujue jinsi chanja zilivyopatikana. Zamani, kabla sijaja, wenzangu wote walianika mchangani, kama mama zao. Dagaa wa mchangani unawala unasikia kokoto kwenye jino, na bei yao ni ya kokoto. Mwenyekiti alikwenda mahali fulani akaona chanja, akarudi hana usingizi. Alitumia miaka mitatu kuwashawishi. Alibeba miti kichwani mwenyewe. Watu wa mwaloni walimcheka, wakasema Mwenyekiti amewalaza dagaa kitandani, bado awanunulie mito. Alivumilia. Hatimaye chanja zikasimama, na kwa maneno ya watu akapatikana mnunuzi kutoka Dar, anayetaka dagaa wasafi wasio na chembe ya mchanga, na kama mzigo wa kwanza utampendeza atachukua kwetu msimu mzima, kila msimu. Alisema atakuja Alhamisi. Mwenyekiti wiki ile hakuwa anatembea, alikuwa anaelea.

Jumatatu mwenzetu mmoja akafiwa na mama yake, huko Magu. Kwetu msiba wa mwenzenu hauachwi. Kikundi kizima kilipanda fuso Jumanne alfajiri, wakaniacha mimi peke yangu kulinda mzigo, maana mimi ndiye niliyekuwa mgeni zaidi kwenye kikundi na marehemu sikumjua. Dagaa walikuwa wameshuka usiku ule na tukawaanika pamoja kabla wenzangu hawajaondoka, wabichi, wanametameta, chanja zote zimejaa. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege makorongo na mbwa, na kugeuza.

Mimi kabla ya hapo nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha samaki Nyakato. Walipunguza watu, nami nikapunguzwa, ndipo nikaja mwaloni. Sikumpenda dagaa. Nilinuka, watoto wangu walinuka, kanisani watu walikuwa wanasogea. Na Jumatatu ileile jioni nilipigiwa simu: kiwandani kuna nafasi, ya kudumu, ya usimamizi wa usafi, njoo kesho saa nne kwenye usaili. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, wiki ambayo kila mtu anaimba chanja?

Nilikaa mpaka saa tatu nikiangalia dagaa na saa. Nikawaza kwamba nikienda na kurudi haraka hakuna atakayejua. Lakini nikiwaacha wazi, makorongo watawamaliza. Basi nikachukua maturubai, nikawafunika, nikaweka mawe pembeni, nikaoga kwa sabuni mara mbili, nikaenda Nyakato.

Dagaa wabichi hawafunikwi juani. Mwaloni hata mtoto anajua. Wakiwa na maji, wanachemka chini ya turubai, wanapasuka matumbo. Unafunika mvua ikiwa imefika, na ikipita tu unafunua. Nilijua. Nilijiambia ni saa mbili tu. Nilirudi saa nane. Nilipoinua turubai la kwanza mvuke ulinipiga usoni, na harufu yake nikiandika hivi bado iko puani.

Wenzangu waliporudi jioni niliwaambia niliona wingu. Wingu zito, nikasema, linatoka upande wa Ukerewe, limening'inia mpaka mchana, nikaogopa kufunua. Wavuvi walikuwa wamelala baada ya kukesha ziwani, hakukuwa na wa kunikanusha. Wengine walianza kunisema. Mwenyekiti alipita chanja moja baada ya nyingine, akaingiza mkono, akanusa, akaupangusa kwenye koti. Kisha akawageukia akasema, "Hata mimi ningefunika. Mwacheni."

Alhamisi mnunuzi alikuja na gari lake. Hakukaa hata dakika kumi. Alishika pua, akasema ahsanteni, na hatukumwona tena. Mwenyekiti alisimama akilitazama gari mpaka vumbi likatulia. Baadaye akanijia mimi, siyo wengine, akaniuliza lile swali lake. Akajibu mwenyewe, "Wananuka, lakini hawana mchanga."

Tuliwaanika upya siku nne mpaka wakawa wakavu kama majani, akanipakiza na magunia mpaka Buswelu kwa mzee mmoja mfuga kuku. Mzee yule alikuwa na shida moja: dagaa wote aliokuwa ananunua walikuwa wa mchangani, na mchanga ulikuwa unamlia meno ya mashine yake ya kusagia. Akatia mkono kwenye gunia letu, akapekecha, akatazama kiganja, akapekecha tena. Hakujali harufu. Alisema kuku wake hawajalalamika bado. Akataka kila mzigo utakaotuharibikia, na kuharibikiwa masika ni jambo la kila wiki. Mwenyekiti akanipa mimi kazi ile ya kupeleka. "Wewe ndiye uliyetufungulia njia," aliniambia, na sikujua niangalie wapi.

Nikapeleka. Nikajifunza pumba, mashudu, chokaa, nini kinachanganywa na nini. Mzee alipochoka nikaichukua mashine yake. Ndiyo mafanikio yangu hayo. Na kila mahali Mwenyekiti alikopita na mimi, kwa diwani, kanisani, kwenye harusi, alinitambulisha kwamba huyu ndiye aliyeona wingu. Akisimulia anaongeza mpaka ngurumo. Nami nacheka na watu.

Mnunuzi mwingine wa namna ile hakupatikana. Walikuja wadogowadogo, wanachukua leo kesho hawapo. Chanja zilibaki, wanawake waliishi, hakuna aliyelala njaa. Lakini kile alichokibebea miti kichwani miaka mitatu hakikutokea. Hakuwahi kulalamika mbele yetu, na mimi nikautumia ukimya wake kama ruhusa ya kunyamaza.

Miaka miwili iliyopita magoti yalimkataa, bintiye akamchukua akae naye Butimba. Nilikuwa namtembelea, siyo sana. Mwezi uliopita nilitoka semina nyingine. Dada mmoja kijana alikuwa ameinua mkono akaniuliza, "Mama, je, kama lile wingu lisingetokea, leo ungekuwa wapi?" Nikajibu kitu, hata sikumbuki. Kesho yake mchana nilifunga mashine nikaenda Butimba.

Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua mchele kwenye ungo. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye mlango. Nilishtuka kumwona hana koti, alikuwa mdogo hivi.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba mdogo wangu. Umekonda. Au ni mimi sioni?"

"Ni kazi."

"Kazi gani, si una mashine siku hizi." Akasogeza mkeka kidogo nikae. Tukazungumza habari za bei ya mashudu, za magoti, za bintiye anayempikia mboga bila chumvi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Buswelu, na yote yakakimbia. Mwishowe nikasema hivyohivyo.

"Mwenyekiti, siku ile ya msiba wa Magu hakukuwa na wingu."

Mkono wake uliendelea kuchambua. Alitoa punje moja ya chuya, akaiweka kando.

"Hata dogo?"

"Hata dogo. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi."

"Sasa ulifunika nini?"

"Nilifunika ili niondoke. Kiwandani Nyakato walikuwa wameniita kwenye usaili. Nilidhani nitawahi kurudi."

Nilisubiri anitukane, nilikuwa tayari, nadhani ningepumua. Alipoanza kuongea, alikuwa anauangalia ungo.

"Yule mtu alipowasha gari akaondoka," alisema, "mimi nilikwenda nyuma ya choo cha mwaloni nikalia. Hamkuniona. Nililia siku nyingi, nyie mnadhani nilikuwa nazunguka kutafuta magunia. Nikajiuliza, haya, imebaki nini? Nikaona limebaki hili: kwamba hakuna mtu aliyenifanyia hivi. Ni wingu. Wingu huwezi kuligombeza. Ndiyo maana niliweza kurudi nikakuangalia wewe na wale wote, nikafanya kazi. Nilikuwa nalipenda lile wingu, unajua?"

"Nisamehe, Mwenyekiti."

"Ngoja kwanza," alisema. "Usiniharakishe."

Bintiye alitoka na chai, akatuuliza kama tunataka viazi, tukasema hapana. Akarudi ndani. Chai ilikaa. Nilimwona Mwenyekiti anafikiri, midomo inacheza kidogo, vilevile kama zamani akipita kati ya chanja mzigo umelowa, anatafuta pa kushika. Nilimjua, alikuwa anatafuta. Moyo wangu ukaanza kutumaini kama mjinga. Mwanamke huyu aliwahi kuyapatia kazi yale maandazi.

"Na hiyo kazi," akauliza, "uliipata?"

"Sikuipata. Walinisubirisha mpaka mchana, ndipo wakaniambia wameshampa mtu."

Aliweka ungo chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, na machoni hakukuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Ungeipata basi, mdogo wangu," akasema. "Si ungeipata, angalau hiyo ingebaki."